Damu Iliyomkataa Mwenyewe

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Imenyesha dakika ishirini, kisha jua likatoka na maabara nzima ikanuka udongo. Malaria kumi na tisa, mikojo sita, sukari nne. Mzee Clemence, mkuu wangu, bado yuko Rutamba kwa msiba wa dada yake, kwa hiyo niko peke yangu dirishani na peke yangu kwenye hadubini.

Saa nane wodi ya wazazi wamepokea mjamzito kutoka Songo Mnara, mimba ya wiki ishirini na sita. Mwanaima Pazi, miaka ishirini na saba. Nimekwenda kumtoa damu mwenyewe. Ilikuwa nyepesi kama juisi ya rosela iliyozidishwa maji. Wingi wa damu: 4.8, na mjamzito anatakiwa kuwa na angalau 11. Nikadhani mashine imekosea, nikarudia: 4.7. Malaria hana, minyoo hana, selimundu hana. Macho ni ya njano, na mkojo una rangi ya chai ya rangi.

Aliposikia ninavyosema akaniuliza, "Wewe Mmatumbi?" Nikamwambia ndiyo, wa Kipatimu. "Basi wa milimani. Umeshukaje huku kwenye chumvi?" Akacheka, lakini hakuwa na pumzi ya kukimaliza kicheko.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nimefanya kazi na majivu kwenye paji la uso, na ndugu za Mwanaima wamekuja wakiwa kwenye mfungo, wote tuna njaa.

Daktari Optatus alitaka chupa mbili za damu haraka. Kwenye jokofu nilikuwa na tatu za kundi O, kundi lake. Nimezilinganisha na damu yake moja moja. Zote zimegandamana, ukitikisa mrija, chembe zinabaki zimeshikana kama punje za mchanga. Nikawaita ndugu. Baba yake, Mzee Pazi, ni muadhini wa msikiti wao, mrefu, kanzu imepigwa pasi vizuri. Mama yake, Bi Somoe. Kaka wawili. Wote wanne ni kundi O. Nilichukua kidogo kidogo kwa ajili ya kulinganisha tu. Wote wanne, damu zimegandamana na yake.

Foleni dirishani ilikuwa imefika kwenye mnazi wa getini. Nilitoa kichwa nikasema, "Hakuna hata mmoja. Damu zenu na yake hazipatani kabisa."

Mzee Pazi akauliza taratibu, "Hata yangu mimi, baba yake mzazi?"

"Hata yako, mzee." Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Mwanaima yuko kwenye oksijeni. Damu nimeomba kwa simu hospitali mbili, hawana inayomfaa, na hata wakiwa nayo ni nani atakayejua kama inamfaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nurdin, mume wa Mwanaima, amekuja dirishani. Ni fundi wa kutengeneza kuta za magofu kule kisiwani. Chokaa haimtoki kwenye kucha. Akasubiri mpaka watu wapungue.

"Dokta, samahani. Juzi ulimwambia nini baba mkwe?"

Nikamwambia mimi si dokta, ni mtu wa maabara, na nilimwambia damu hazipatani.

"Basi neno hilo limevunja nyumba." Akanieleza. Juzi ile ile, pale pale kwenye benchi, mbele ya kaka zake Mwanaima na majirani waliokuja kuchangia damu, Mzee Pazi alimgeukia mkewe akamwambia: Somoe, huyu mtoto uliniletea kutoka wapi? Bi Somoe hakujibu. Mzee akaondoka, akavuka kurudi kisiwani. Mwezi mtukufu, mchana, mbele ya watu.

Kwanza nilimkasirikia mzee. Nimekunywa chai nikisema moyoni, mtu mzima namna ile, anaswali watu wakiwa wamelala, halafu hana akili ya kuuliza mara mbili. Chai ilipopoa nikakumbuka kwamba yeye aliuliza mara mbili. Kabla ya kumuuliza mkewe aliniuliza mimi, nami nikamjibu "Hata yako".

Jumamosi, 8 Machi

Nataka niandike leo kwa mpangilio, maana ni siku ambayo sitapenda kuisahau.

Mzee Clemence amerudi asubuhi na basi kutoka Lindi, hajafika hata nyumbani kubadili shati. Nilimpa pole ya msiba, nikamwonyesha daftari la Mwanaima. Akasoma mstari kwa mstari na miwani yake ikiwa imeshuka puani. Akasema, "Saba wamekataa."

"Saba."

"Wageni watatu na ndugu wanne, na wote hawamfai. Hapo, Theresia, mwenye tatizo ni hao saba?"

Nikarudia kuhesabu kwenye daftari.

"Umemjaribu na damu yake mwenyewe?"

Sikuwa nimemjaribu. Ni mrija mmoja tu: seramu, yaani maji ya damu ya mgonjwa, na seli nyekundu za mgonjwa huyo huyo. Tulifundishwa chuoni kuuweka kila mara, kando ya ile mingine, uwe shahidi. Jumatano niliuacha kwa sababu kitendanishi cha Coombs, dawa ya kuonyesha mgandamano, kimebaki chini kabisa ya chupa, na kwa sababu ya foleni. Nikisema ukweli, ni kwa sababu ya foleni zaidi.

Tukauweka pamoja. Nikaosha seli mara nne, nikatia matone mawili ya kitendanishi, nikazungusha kwenye sentrifuji. Nilipoutoa mrija na kuutikisa, seli hazikusambaa. Zimeshikana vile vile. Damu ya Mwanaima imemkataa Mwanaima.

Mzee Clemence hakusema "nilikwambia". Alivuta hadubini tukatazama slaidi yake upya. Seli nyingi ndogo, za mviringo mtupu, hazina ule weupe wa katikati, kama zimeng'atwa pembeni. Na changa nyingi, zimetolewa kazini kabla ya wakati wake kuziba pengo. Mwili unatengeneza damu kwa bidii zote na mwili huo huo unaivunja. Kinga yake imesahau nani ni wa nyumbani.

Tulikwenda kwa Daktari Optatus wote wawili. Niseme ukweli: tangu aje mwezi wa kumi nimekuwa nikimwona kijana wa majivuno, mtu wa kutuma karatasi bila salamu. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. "Basi si upungufu wa madini," alisema. "Nimempa vidonge vya kuongeza damu siku nne kwa ugonjwa ambao si huo." Akalisema mbele ya manesi wawili, bila kushusha sauti. Ndipo nami nikamweleza kuhusu mrija nilioacha.

Alipiga simu kwa mwalimu wake Dar. Maagizo: prednisoloni leo leo, dozi kubwa, ili kuituliza kinga. Na damu apewe hata kama haipatani, kwa sababu hatutapata inayopatana duniani. Tuchague ile inayogandamana kidogo kuliko zote, ipite taratibu sana, na mtu asiondoke kitandani. Mimi na Mzee Clemence tukazipanga upya zile za jokofuni. Iliyokuwa na ukali mdogo ni ya mwalimu mmoja wa sekondari aliyechangia Februari. Daktari akaining'iniza mwenyewe saa sita, akavuta stuli, akakaa na vidole kwenye mkono wa Mwanaima mpaka saa kumi. Hakuenda kula. Kila robo saa alimuuliza, "Mgongo unauma? Baridi? Kifua?" na Mwanaima akawa anajibu, "Hapana, daktari. Bado unauliza tu."

Hakuna kilichoharibika.

Bi Somoe alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, upande wa ukutani. Nilikuwa nimepanga kumwita nje. Kisha nikafikiri: nililitoa lile neno mbele ya watu. Nikapiga magoti pale pale, wodi imejaa akina mama.

"Shikamoo mama. Jumatano nilisema damu zenu hazipatani na ya Mwanaima. Nilisema vibaya. Damu yake haipatani hata na yeye mwenyewe, ni ugonjwa. Kipimo kile hakipimi nani mzazi wa nani. Nimekosa."

"Marahaba," akasema. "Mwanangu atapona?"

"Tunajaribu, mama."

"Basi hilo jaribuni. La kwangu liache lilipo."

Jumatatu, 10 Machi

5.6. Amekaa kitandani bila oksijeni, akala uji. Sampuli ya kuthibitisha imepelekwa kwenye basi la Dar ndani ya kiboksi chenye barafu.

Jumanne, 11 Machi

Kiboksi kimerudi. Mvua imekata barabara huko mbele, magari yamelala. Barafu imekuwa maji, sampuli imeharibika. Nimemtoa nyingine.

Jumatano, 12 Machi

Sampuli mpya imekwenda kwa njia ya kusini, hospitali ya Lindi. Wataipima huko na kuipeleka mbele wenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Leo sikuwa zamu. Nimekwenda Songo Mnara na Nurdin. Hakuna aliyenituma, Mzee Clemence alisema tu nivae viatu visivyoogopa maji, na alikuwa sahihi, kuna kutembea kwenye tope la mikoko kabla ya kufika kijijini.

Mzee Pazi alikuwa kibarazani anapasua kuni. Aliponiona akaliweka shoka chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na msiba?"

"Hapana. Mwanaima anakula. Nimekuja na kosa langu."

Akaniwekea mkeka. Maji hakunipa, kwa kuwa ni mfungo, kisha akakumbuka mimi si Mwislamu akataka kuamka. Nikamwambia nami ni Kwaresima, tukae tu.

Nikamweleza kama nilivyomweleza mkewe, ila pole pole zaidi. Kwamba mtu ana walinzi ndani ya damu yake, na walinzi wa Mwanaima wanapiga kila seli wanayokutana nayo, hata za kwake. Kwamba hata angekuwa pacha wake wa kuzaliwa naye, wangempiga.

"Kwa hiyo kile kipimo hakikusema kitu juu yangu."

"Hakikusema kitu, baba. Niliyesema ni mimi."

Alichukua kibanzi cha kuni akawa anakivunja vipande vidogo. Nurdin alijifanya ana shughuli na maji ya kuku.

"Nisikilize," alisema mwishowe. "Usijibebeshe mzigo wote. Mwaka aliotungwa yule mtoto mimi nilikuwa Mafia, kazi ya minazi. Nimerudi, mimba ikaonekana, akazaliwa. Nikahesabu kwa vidole tangu niliporudi mpaka alipozaliwa. Ukapungua mwezi. Nikahesabu tena, ukapungua. Sikumuuliza. Nikasema Mungu anajua, nikalea. Miaka ishirini na saba nimepanda kuadhini na hesabu hiyo kifuani. Wewe ulipotoa kichwa dirishani, nikaona basi, na hospitali wanajua."

Akavikusanya vile vipande vya kuni, akavitupa uani.

"Kipo kipimo cha kujua kweli?"

"Kipo, Dar. Si kwetu."

"Ungekuwa wewe ungekwenda?"

"Mimi siwezi kujua, baba. Kingejibu swali lako. La Bi Somoe kisingelijibu."

"Somoe ana swali gani?"

"Hajasema. Yuko kwenye mkeka kando ya kitanda cha mwanao siku ya kumi na mbili leo."

Alinisindikiza mpaka mwisho wa kijiji, akaniagiza nimsalimie Mwanaima. Mkewe hakumtaja. Nimekwenda nikidhani nitakutana na mjinga, nimerudi sijui nimwite nani.

Jumatatu, 17 Machi

6.4. Nimempa Mwanaima salamu za baba yake. Akauliza, "Amesema atakuja?" Nikasema hakusema. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nepi za wodi nzima hazikauki.

Jumanne, 25 Machi

7.3. Bi Somoe amekuja maabara peke yake, akakaa kwenye benchi kama mgonjwa. Nilikuwa nasafisha slaidi.

"Nurdin ameniambia ya kisiwani," alisema. "Kuhusu ule mwezi."

"Ndiyo, mama."

"Mwanaima nilimzaa kabla ya siku zake, mimba ya miezi minane. Mkunga alimviringisha kwenye pamba, akamweka karibu na jiko siku ishirini. Mama yake Pazi mwenyewe ndiye aliyekuwa akichochea mkaa, na ameshatangulia mbele ya haki. Mwanamume alikuwa amekwenda tena Mafia, amerudi siku ya arobaini, akakuta mtoto ana mashavu. Akahesabu." Akakunja upindo wa kanga. "Angeuliza ningemwambia. Hili ni neno la dakika moja, mwanangu. Yeye kalikalia miaka yote hii."

"Utamwambia sasa?"

"Aniulize. Si vile alivyouliza. Aniulize vizuri."

Ijumaa, 28 Machi

Majibu yameletwa. Kingamwili zimethibitishwa, zimeng'ang'ania seli zake. Hakuna kingine kilichojificha chini yake. Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili, hana. Mzee Clemence ameyasoma mara mbili, kisha akaniachia mimi niyapeleke wodini. Daktari Optatus akanisalimia kwanza, halafu ndipo akapokea karatasi.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Wodi ilinuka pilau. 8.1. Nurdin amekuja na vitenge viwili, kimoja cha mkewe, kimoja cha mama mkwe. Mzee Pazi hakuja.

Jumamosi, 5 Aprili

Mwanaima ameruhusiwa. Atakaa kwa shangazi yake hapa mjini, aje kila Jumatatu. Vidonge asikatishe, nimemwambia mimi, daktari kamwambia, na nesi kamwambia.

Jumatatu, 14 Aprili

Hajaja.

Jumanne, 15 Aprili

Hajaja. Nimempigia Nurdin, simu haipatikani. Mvua imeangusha mnara wa simu kule kisiwani.

Alhamisi, 17 Aprili

Bi Somoe kamleta saa tatu kwa bajaji, amemshika kiunoni. Uso wa Mwanaima umevimba kama mwezi, macho yamerudi njano. 5.9.

Amekatisha vidonge siku tisa. Nilimuuliza kwa nini, na sikumuuliza vizuri, nilikuwa na hofu. Akasema, "Wewe hujajiona umevimba uso, watu wanakuja kukutazama mlangoni. Jirani anasema, huyu kalishwa kitu. Mwingine anasema, ndiyo maana hata baba yake kamkana. Nikaona nisipovimba watanyamaza."

Nikakaa kitandani kwake. Nikamwambia uvimbe ni wa dawa, utaondoka dozi ikishuka, na dozi haishuki kwa kukata ghafla. Kuhusu baba yake sikuwa na dawa. Nilipokuwa natoka, Bi Somoe alikuwa koridoni na simu ya kuazima, anampigia Nurdin, mtandao wa kisiwani ulikuwa umerudi. Nilimsikia: "Mwambie yule mzee mwanawe ana damu tano. Sisemi zaidi. Damu tano."

Daktari amerudisha dozi ya mwanzo. Chupa moja tena, taratibu tena, stuli ile ile. Mtoto tumboni mapigo mazuri.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada ya saa tisa sikuiwahi. Saa nne asubuhi Mzee Pazi alikuja, kanzu imelowa mpaka magotini. Hakupita kwangu dirishani, alikwenda moja kwa moja wodini. Nilipopeleka majibu nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameushika mguu wa Mwanaima juu ya shuka. Mwanaima alikuwa analia kimya. Mzee anasema, "Kunywa dawa, mama. Vimba. Uvimbe wote. Mimi nitakaa mlangoni."

Bi Somoe alikuwa anakunja nguo. Hawakusemezana, si salamu, si chochote. Ila alipomaliza kukunja alisogeza sufuria la uji upande wa mzee.

Jumanne, 22 Aprili

6.5. Kitendanishi kipya kimefika. Sasa ule mrija wa shahidi nauweka kila mara, hata foleni ifike baharini.

Alhamisi, 1 Mei

7.7. Mwanaima ameruhusiwa tena juzi, na Mzee Pazi amehamia naye kwa shangazi. Anakaa mlangoni kweli, kwenye kiti cha plastiki. Nimepita jioni ya saa kumi na moja, jirani mmoja alikuja kutazama, mzee akamwambia, "Karibu. Ni mwanangu, anaumwa damu. Swali lingine?"

Jumatatu, 5 Mei

Nurdin kaniambia mzee ameuliza. Jana, nyuma ya nyumba, Bi Somoe akiwa anapembua mchele. Hajui waliongea nini, ila anasema ilichukua muda mfupi sana, kisha mzee akabaki amesimama pale na mikono mitupu mpaka mchele ukaisha kupembuliwa.

Jumatatu, 12 Mei

8.6. Mvua inapungua. Sukari imepanda kidogo kwa sababu ya vidonge, tunaitazama.

Jumanne, 20 Mei

Uchungu umemwanza asubuhi, wiki ya thelathini na saba. Tuliweka tayari chupa mbili. Hazikuhitajika. Saa saba na dakika kumi, msichana, kilo mbili na gramu mia sita. Daktari alinipa damu ya kitovu akiwa anakimbia: kingamwili za mama huweza kuvuka zikamfikia mtoto. Wingi wa damu wake 14.1. Njano kidogo, tutamwanika jua la asubuhi na kumpima kila siku. Nilipomwambia Mwanaima, akauliza, "Na ya kwangu?" Nikamwambia 8.2. "Basi tumegawana vizuri," akasema, na safari hii alikimaliza kicheko.

Jumamosi, 24 Mei

Mtoto njano imeshuka. Mama 8.9. Ataendelea na vidonge miezi kadhaa, dozi ikishuka hatua kwa hatua, na akibeba mimba nyingine aje mapema. Yote nimemwandikia kwenye kadi kwa herufi kubwa.

Wamekuja kumchukua wote: kaka wawili, majirani wale wale, shangazi, Nurdin. Bi Somoe amefungasha tangu alfajiri. Nilikuwa dirishani, foleni fupi ya Jumamosi. Mzee Pazi alisimama akakohoa, wakanyamaza. Sauti ile imezoea kusikika kijiji kizima na hakuipunguza.

"Siku ile nilimuuliza mke wangu neno mbele yenu. Kwa hiyo na hili nalisema mbele yenu. Nilimdhulumu. Si siku ile tu, ni miaka ishirini na saba. Mwanaima ni mwanangu na mama yake ni mtu safi. Somoe, nimekukosea."

Mgonjwa niliyekuwa namtoa damu alisahau kukunja mkono. Watu wote walimtazama Bi Somoe. Yeye alikuwa anamfunika mjukuu kichwa na kanga. Akamaliza kwanza, akamkabidhi Mwanaima.

"Nimesikia," akasema. Akamtazama mumewe kuanzia juu mpaka kwenye ndala. "Sasa beba hilo beseni, nimelilinda mimi peke yangu miezi miwili na nusu."

Akalibeba, vyombo vikigongana ndani, wakaondoka.